Mnana hauzi kiota kikavu

Mjini Kolwezi mvua haitangazwi na mawingu peke yake. Ukifika Novemba, vumbi jekundu la barabara za migodini likianza kulala, tafuta mtaani kwenu mti mmoja wenye kelele kuliko baa ya Jumamosi. Huenda ni mwembe, huenda ni mkalitusi. Ukiwa mchikichi utautambua kutoka mbali, maana makuti yake yamechanwa hadi yamebaki njiti tupu, kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Hapo ndipo minana walipofungua karakana yao.

Mnana, ambaye wengine humwita kwera, ni mkubwa kidogo kuliko shomoro: ana urefu wa sentimita 15 hadi 17 na uzito wa gramu 40 hivi. Dume katika msimu wa kuzaana huwa na kifua cha manjano, kichwa cheusi na jicho jekundu. Jike ana rangi isiyokaa machoni, kijani cha kufifia na kijivu, na hana haja ya kujipamba, kwa sababu tutakazoziona. Wanasayansi huiita familia yao Ploceidae. Ina aina zaidi ya 110, nyingi mno zikiwa za Afrika. Chache tu zimevuka hadi Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi. Anayetupigia kelele mjini ni Ploceus cucullatus, mnana wa vijijini. Jina hilo linamfaa. Huyu ni ndege anayependa kujenga karibu na watu, juu ya vichwa vyetu hasa, mahali ambapo mahindi hayako mbali na wanyama wengi wanaomwinda huogopa kusogea. Mama anayeanika uani nafaka yake ya bukari, ugali wa kwetu, anamjua vizuri, wala hamsifu.

Wengi wetu tumeviona viota vyake tangu utotoni, vimening'inia kama vibuyu, na kwa kuvizoea hatuvitazami tena. Hebu tutazame kimoja kikianza.

Fundi huyu hana mikono. Ana mdomo mfupi, miguu miwili na uzito wa mwili wake mwenyewe, basi. Hutua juu ya tete au ukuti, akang'ata ukingo wa jani mpaka apate mwanya, akaubana mwanya huo kwa mdomo, kisha akaruka. Kule kuruka ndiko kunakochana. Hurudi mtini na utepe mrefu wa kijani ukimfuata nyuma. Wasukaji wa mikeka wa pwani wana neno la utepe kama huo: uchane, na zikiwa nyingi ni chane. Mnana anachana kama wao, ila yeye hasubiri chane zikauke. Anataka jani bichi, kwa kuwa bichi hupinda bila kukatika, na likija kukauka likiwa limekwisha kusukwa hubaki katika umbo lile lile.

Kwanza huchagua kitawi kinachoning'inia, mara nyingi chenye panda, na kuking'oa majani. Kisha hukanyaga ncha moja ya uchane kwa mguu, huzungusha ncha nyingine kwa mdomo, huipitisha chini, huivuta, huipitisha tena. Hufunga vitanzi, mafundo ya kweli na mishono ya kupishanisha, kazi ambayo mtoto wa shule angeifanya kwa vidole kumi na ulimi nje. Baada ya muda inatokea pete iliyosimama wima, upana wake ukimtosha kusimama ndani.

Pete hiyo ndiyo ramani ya nyumba nzima. Dume husimama juu ya ukingo wake wa chini, akiangalia upande mmoja, na tangu hapo hageuki. Hufuma mbele yake kadiri mdomo unavyofika, juu, chini, kushoto, kulia, na kwa vile mdomo hauwezi kufika zaidi ya mwili unavyoruhusu, chumba hutoka duara. Hana kipimo kingine zaidi ya urefu wa shingo yake. Chumba cha mayai kikiisha, angeweza kugeuka na kujenga ukumbi wa mlangoni. Hageuki. Hujikunja kinyumenyume, kichwa juu ya mgongo, akafuma ukumbi akiwa bado ameelekea kule kule. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani amenaswa.

Ukingo wa chini wa ile pete haupotei. Unabaki ndani kama kizingiti kati ya chumba na ukumbi, na kazi yake ni ya kizingiti kweli: upepo wa Februari ukiuyumbisha mti, mayai hayabingirii nje. Mlango nao umetazama chini, mvua haiingii. Chini ya paa dume huongeza dari ya vipande vifupi vipana vya majani, vimepangwa kama vigae. Matete yakiwa karibu na yeye akiwa na ari, ganda zima linaweza kusimama kwa siku moja.

Na hapo ndipo kazi inapoanza, maana nyumba bado haina mtu.

Dume hujining'iniza mlangoni kichwa chini miguu juu, akipigapiga mabawa ili manjano ya chini yaonekane, na kulia kwa sauti ya kukwaruza ambayo ni yeye tu anayeiona tamu. Madume wote wa mti hufanya hivyo kwa pamoja jike anapopita. Kelele ile ya Novemba ni hiyo: mafundi wanaita mteja. Jike huingia ndani ya kiota kimoja, akakaa kidogo. Huvuta uchane huu, huvuta ule, hujaribu dari. Mara nyingi hutoka akaenda kwa jirani.

Sisi wa Kolwezi hatuhitaji kuelezwa ukaguzi huu maana yake nini. Pale kwenye soko la madini la Musompo mchimbaji wa mikono hufika na magunia yake baada ya usiku kucha shimoni, na mnunuzi hatazami jasho. Anachukua Metorex, kile kipimo chenye umbo la bastola, anakielekeza kwenye madini, na tarakimu za kobalti zinazotokea kwenye kioo ndizo zinazoamua kama mtu atakula nyama jioni au atakula maneno. Jike wa mnana ana Metorex yake mdomoni. Heri ya madume, maana hiyo angalau hakuna wa kuichezea.

Anachopima zaidi ya yote ni ubichi. Kiota cha kijani ni kiota cha jana au juzi: kamba zake ni imara, zitabeba mayai, makinda na mama yao mpaka mwisho. Kikianza kugeuka hudhurungi, thamani yake imeporomoka hata kama ufumaji ni wa kusifiwa. Dume analijua hilo. Kiota kikikaa karibu juma moja bila kupata mwenyeji, hukibomoa mwenyewe. Hukifumua uchane kwa uchane, akaziangusha chini, halafu huanza pete mpya pale pale kwenye kitawi kile. Katika msimu mmoja dume mwenye bidii hujenga na kubomoa mara nyingi, na ukipita chini ya mti wake utakanyaga zulia la kazi zilizokataliwa.

Jike akikubali, mambo huenda haraka. Yeye ndiye anayetandika ndani, kwa vichwa laini vya majani na manyoya. Hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia peke yake kwa siku 12 hivi, na makinda huondoka baada ya wiki tatu au pungufu kidogo. Dume yuko wapi? Yuko kitawi cha pili, anaanza pete nyingine. Anaweza kuwa na majike wawili, watatu, hata watano kwa wakati mmoja, kila mmoja na chumba chake.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu ya mume na mke, Nicholas na Elsie Collias, Wamarekani waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao kumtazama ndege huyu mmoja. Sehemu ya kazi yao ya mwanzo ilifanyika hapa hapa nchini, ilipokuwa bado Kongo ya Wabelgiji, na ripoti yake ikatoka mwaka 1959. Baadaye walifuga minana katika tundu kubwa la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakauliza swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto fundi ameshajiuliza: ujuzi huu amezaliwa nao au amejifunza?

Jibu lilitoka pande zote mbili. Dume mchanga huchezea majani tangu mapema, bila kufundishwa na mtu, na akipewa vipande vya rangi mbalimbali huchagua kijani. Lakini wale walionyimwa majani kabisa katika miezi yao ya kwanza, walipopewa hatimaye, walishindwa hata kufuma uchane mmoja ukashika. Hamu walikuwa nayo, mdomo haukuijua kazi. Porini pia vijana hujenga vibanda vya ovyo, vyenye matundu na kamba zinazoning'inia, pembeni mwa mti, na hakuna jike anayejisumbua kuvitazama. Mwaka 2011 watafiti wa Scotland waliorekodi minana wa aina nyingine kule Botswana walieleza jambo linaloelekea huko huko: ndege yule yule hafumi kila kiota kwa namna moja, na kadiri anavyozidi kujenga ndivyo anavyopunguza kudondosha majani. Kwa hiyo tusiseme tena kwamba ndege hufuma kama mashine. Mashine haianzi kwa kudondosha.

Wakaguzi wengine hawaji kwa nia njema. Kuna kipanga mmoja wa kijivu, Polyboroides typus, mwenye uso mtupu wa manjano na miguu ya ajabu: kiungo chake hupinda mbele na nyuma, naye huweza kuingiza mguu kiotani na kupapasa kona zote kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka nyuma ya kabati. Akitua kwenye mti wa minana, ile baa inanyamaza ghafla. Wapo nyoka wa mitini, na yupo nyoka asiye na sumu ambaye chakula chake ni mayai tu. Ndiyo maana dume hung'oa majani kuzunguka viota vyake na kupenda ncha za vitawi vyembamba au matete yaliyoinama juu ya maji. Nyoka anayefika huko anafika akiyumba.

Adui mjanja kuliko wote hafuati mayai ya mnana kwa ajili ya chakula. Anamwongezea lake. Ni ndege mdogo wa kijani kinachometa, Chrysococcyx caprius, anayeitwa dederiki kwa mlio wake, asiyejenga kiota maishani mwake. Jike wake hunyemelea, hutaga yai moja katika kiota cha mnana na kwenda zake. Kinda lake likianguliwa huyatupa nje mayai ya mwenyeji, likabaki kulelewa peke yake na mama asiyejua.

Jibu la mnana kwa hila hiyo ni la ajabu kuliko ufumaji wenyewe, ingawa huzungumzwa kidogo. Chukua majike kumi wa mti mmoja, utakuta mayai meupe, ya samawati, ya kijani, mengine yenye madoa, mengine safi. Lakini jike mmoja hutaga rangi ile ile na madoa yale yale maisha yake yote. Ni kama sahihi yake. Yai lisilofanana na mengine anaweza kulitambua na kulitupa, na dederiki hana namna ya kujua kabla ya kuingia ni sahihi ya nani iliyo ndani.

Utajuaje kwamba ni dederiki aliyesababisha haya? Historia ilitufanyia jaribio bila kukusudia. Minana wa Afrika Magharibi walifikishwa kisiwa cha Hispaniola, chenye nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika, katika karne ya 18, enzi za meli za watumwa. Wengine wa kusini mwa Afrika walipelekwa Morisi mwishoni mwa karne ya 19. Huko kote hakuna dederiki. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kilichotokea: mayai ya jike mmoja yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe, na ya majike mbalimbali yameanza kukaribiana. Sahihi inafifia pale ambapo hakuna wa kuighushi. Kwangu mimi hilo linashangaza kuliko kiota chochote, hasa kwa kuwa Morisi haijapita hata miaka mia na hamsini.

Si minana wote wenye makelele. Mwaka 1964 Mwingereza John Crook alilinganisha aina karibu 90 na kuona mpangilio: wanaokula mbegu kwenye nyasi wazi huishi kwa makundi, dume akiwa na majike wengi, wanaokula wadudu msituni huishi wawili wawili, kimya. Mbegu zikikomaa hukomaa kwa wingi mahali pamoja, dume anaweza kuondoka na mama akalisha peke yake. Wadudu hutafutwa mmoja mmoja, na hapo kulea kunahitaji wawili. Toka Kolwezi uingie miombo, ile iliyosalia baada ya uchomaji wa makaa, na utawakuta hao watulivu. Ploceus angolensis hutambaa juu ya matawi akipekua wadudu kwenye magome. Ploceus ocularis, mwenye mstari mweusi unaopita jichoni, ana kiota chenye mrija mrefu unaoning'inia, ambao nyoka na dederiki hawapiti kwa urahisi. Anaplectes rubriceps, mwenye kichwa chekundu, hasuki kwa chane za majani: husuka kwa vijiti na vikonyo vya majani, na waya wa simu humfaa kama tawi.

Lakini mnana wetu hasa, ambaye hayuko pengine popote duniani, hayuko Kolwezi. Itabidi uende mashariki, karibu na Likasi, kwenye ziwa ambalo wengi huliita Tshangalele na baadhi ya ramani huliita ziwa la Lufira. Ni ziwa la shaba, kwa maana kwamba mukuba, yaani shaba yenyewe, ndio ulioliumba: maji yake yalizuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya mitambo ya kampuni ya madini ya Union Minière. Kwenye vinamasi vya ziwa hilo, mwaka 1960, mwaka ule ule wa uhuru, Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alipata mnana mmoja ambaye hakufanana sawasawa na wengine.

Ndege huyo akawa sampuli ya makumbusho. Ikapita miaka 22. Mwaka 1982 Michel Louette na C. W. Benson, wakilinganisha minana wa vinamasi, walichapisha kwamba ile ni aina mpya kabisa, wakaiita Ploceus ruweti. Ndugu yake wa karibu, Ploceus katangae, alikuwa amekwisha kupewa jina la Katanga tangu 1947. Mwaka huo huo wa 1982 bonde la Lufira liliingizwa na UNESCO katika hifadhi zake za bayongahewa. Jina likawapo, hifadhi ikawapo kwenye karatasi, ndege mwenyewe hakuripotiwa na mtaalamu yeyote hadi 2009, Louette aliporudi na Michel Hasson wakamkuta kwenye vinamasi vile vile, pamoja na viota vyake. Hakuwa amejificha. Wavuvi wa Tshangalele bila shaka walikuwa wakipishana naye kila asubuhi, hakuna aliyewauliza.

Mtu anaweza kushangaa inawezekanaje ziwa la mwaka 1930 liwe na ndege wake peke yake. Ni wazi hakuumbwa na bwawa. Vinamasi vya Lufira ni vya zamani kuliko umeme, na maji yalipopanda matete yalisogea, naye akasogea nayo. Kinachosogea sasa ni kingine. Mto Panda unapita Likasi na kumwaga ziwani yanayotoka kwenye mitambo ya kusafishia madini, na watafiti wa Lubumbashi wamepima shaba na kobalti katika samaki wa ziwa hilo. Mnana anayechana majani yake juu ya maji hayo hawezi kuhamia mtaa mwingine kama binamu yake wa Kolwezi. Hana mtaa mwingine.

Binamu huyo, kwa upande wake, hajali sana. Mwembe ukikatwa ili uwanja uchimbwe, kama ilivyokuwa katika nyua nyingi za mtaa wa Kasulo baada ya watu kugundua mwaka 2014 kwamba wamelala juu ya kobalti, yeye hutafuta mti mwingine. Hajawahi kujenga kitu cha kukaa zaidi ya msimu.

Kufikia Mei mvua imekatika. Viota vilivyobaki vimekauka vyote, hudhurungi, na ndege wadogo wengine huingia kulala humo bila kuulizwa kodi. Kelele zimeisha. Dume amepoteza kichwa chake cheusi, manjano yamefifia, anaokota punje barabarani pamoja na majike na vijana walioshindwa kufuma, na ukimpita hapo hutajua kama ndiye yule fundi wa Novemba.